Moto kwenye Bega la Mlima

Vijana wa redio, mliniaga vizuri. Mlikuja nyumbani na bia na kitambaa cha shati, mkakaa mpaka mke wangu akawapikia tena, na mkasema nisikae kimya na yale ninayoyajua. Nimefikiri sana, nikaona kwamba mengi ninayoyajua yameshakufa pamoja na mitambo yake. Nani kati yenu atahitaji kujua namna ya kulehemu waya kwa kipande cha shaba kilichopashwa moto kwenye mbabula, jiko letu la makaa? Kwa hiyo nitaandika zaidi juu ya kutembea, maana milima haijabadilishwa na mtu. Vyeo na mishahara siviandiki. Vyeo mnavijua, na juu ya mishahara, heri tuheshimiane.

Kwa ajili ya walioingia kazini jana, nianze na relais yenyewe. Ilikuwa sanduku la redio ndani ya kibanda cha mawe, juu ya mlima mmoja upande wa Bukama, na kando yake mlingoti. Kazi yake ilikuwa kupokea sauti kutoka Kamina na kuirushia stesheni ndogo zilizofichwa na milima. Reli yetu ni njia moja, na mkuu wa stesheni haruhusu treni kuondoka mpaka Kamina imwambie kwamba mbele hakuna kitu. Relais ikinyamaza, treni inageuka kuwa nyumba: watu wanapika chini ya mabehewa, wanafua, wanachumbiana, na mgonjwa aliyekuwa anapelekwa hospitali anabaki pale pale. Kila mara nilipopanda, nilipanda nikijua kwamba mahali fulani watu wamekaa juu ya magunia yao wananingoja.

Mlima una jina lake, lakini wenyewe hawapendi litajwe ovyo, nami siliandiki. Sisi wa reli tulisema tu Kule Juu.

Nilipanda peke yangu, na wengi wameniuliza kwa nini. Jibu ni rahisi. Tulikuwa mafundi wawili wa relais, na ukishatengeneza lazima kuwe na mtu Kamina, mbele ya mikrofoni, wa kukujibu kama anakusikia. Tukipanda wote wawili, nani ajibu? Basi mmoja alipanda na mwingine alikaa kwenye kiti, na kwa kuwa aliyenifundisha alikuwa mzee na mimi nilikuwa na miguu, mnajua kiti kilikuwa cha nani.

Aliyenifundisha aliitwa Papa Tshibangu, mtu wa Kasai aliyezaliwa kambi ya reli hapa hapa Kamina, mfupi, mwenye kusafisha miwani yake kila alipotaka kukutukana. Siku yangu ya kwanza hakunipa bisibisi wala koleo. Aliniambia nilete mfuko niliofungasha, akaumimina wote sakafuni. Ndani mlikuwa na viatu vya kanisani, tochi kubwa kama chupa, kitabu cha nyimbo, kioo, na nguo za kubadili kama za mtu anayekwenda harusini. Alisafisha miwani.

“Kila kintu unabeba itakuuliza mu njia juu ya nini uliibeba,” aliniambia. “Utakuwa na jibu?”

Kwa kioo sikuwa na jibu. Akarudisha ndani unga, chumvi, samaki wakavu, viberiti vilivyofungwa ndani ya plastiki, sufuria, kisu, blanketi moja na turubai. Vifaa vya kazi vilikuwa na mfuko wao mdogo wa ngozi, uliokaa kifuani na si mgongoni, ili mtu akianguka aanguke juu ya mgongo wake mwenyewe na si juu ya kipima umeme. Huo ndio mzigo niliobeba mpaka mwisho wa kazi yangu. Niliongeza kitu kimoja tu, pilipili, maana samaki wakavu wakiliwa siku tatu mfululizo bila pilipili wanamfanya mtu amwonee uchungu samaki.

Safari ilikuwa hivi. Treni inakushusha stesheni ndogo, unakodi kinga, yaani baiskeli, mpaka kijiji cha mwisho chini ya mlima, unaiacha pale, na kuanzia hapo ni miguu. Siku ya kwanza ni mawe mekundu na jua la usoni. Siku ya pili ni msitu wa miti mirefu, kivuli kizuri, lakini njia inapenda kupotea. Siku ya tatu unatokeza kwenye majani matupu ya uwanda wa juu, na hapo upepo unakusalimia kabla ya mtu yeyote. Usilale karibu na kijito hata kikiwa kizuri namna gani. Wanyama nao wanakuja kunywa, na mvua ikinyesha huko juu usikokuona, maji yanafika bila kubisha. Funga turubai chini kabisa, mgongo wake kwa upepo. Turubai lililofungwa juu ili mtu akae vizuri, asubuhi unalikuta kwenye bonde la jirani. Na mkisikia mtu wa Kamina anasema nchi yetu haina baridi, mpelekeni Kule Juu mwezi wa sita alale na blanketi moja.

Upweke mniache nao kidogo. Watu wanauogopa, mimi niliupenda. Siku ya pili mtu anaanza kusema mwenyewe, siku ya tatu anajijibu, na hakuna ubaya, ila ukishindwa katika mabishano hayo ndipo ushuke. Nilikuwa mwepesi kule. Nyumbani nilikuwa baba, kazini nilikuwa mtu wa kuitwa, lakini kwenye yale majani nilikuwa miguu miwili tu na njaa, na nilifurahi.

Papa Tshibangu alikuwa na sheria mbili za kiangazi. Ya kwanza: usipande bila kupita kwa mwine. Mwine ni mwenye pori, mtu ambaye ukoo wake umeshika mlima tangu zamani. Hauzi, hapangishi, lakini bila neno lake huwindi, huchimbi, hulali. Unampa chumvi, unamwambia unakwenda kufanya nini, anakujibu panda. Sheria ya pili: kabla hujalala, choma. Majani ya kiangazi ni baruti, na moto wa pori hautumi salamu. Unafagia duara, unachoma majani yaliyo ndani polepole ukiwa na tawi bichi mkononi, halafu unalala juu ya majivu. Unaamka mweusi, lakini unaamka.

Kisha ikaja ile miaka ambayo watu wa Kasai waliambiwa hapa si kwao, wakafukuzwa. Papa Tshibangu, aliyezaliwa umbali wa jiwe kutoka ofisini, alikaa stesheni na mke wake na masufuria yao wakingoja treni kama wageni. Nilikwenda kumwona. Alinipa ufunguo wa kibanda cha relais kupitia dirisha la behewa, akasafisha miwani, na mara hii hakunitukana. Nililia pale pale mbele ya watu. Baadaye tulisikia kwamba alifia Mwene-Ditu, huko Kasai. Niliumia, na bado naumia, na sitaki kijana yeyote wa redio aseme hakuambiwa kwamba kazi hii ililetwa mikononi mwetu na mtu huyo.

Kwenye kiti cha Kamina akaja Numbi, kijana mtulivu mwenye masikio mazuri. Mimi nikaendelea kupanda.

Miaka michache baadaye relais ilinyamaza katikati ya kiangazi. Nilishuka stesheni ndogo nikakuta treni mbili zinatazamana na wanawake wameshafungua soko kati yake. Nikafika kijijini kwa mwine. Mzee niliyemzoea alikuwa amefariki, na mlima ulikuwa wa mwanawe, Banza. Huyu alikuwa mdogo kwangu, mwembamba, amevaa suruali ya michezo, anatengeneza kinga za watu mbele ya nyumba yake, na hasira zake zilikuwa karibu na mikono. Nilimpa chumvi. Aliipokea kama mtu anayejaribu koti la baba yake. Nilimuuliza juu ya mawindo ya moto, maana majani yalikuwa bado hayajachomwa. Alisema mawindo bado, wanangoja watu wa vijiji vya ng'ambo ya mlima, nipande tu bila wasiwasi. Nikapanda.

Nilipofika juu nikakuta panya wamekula kebo, na nyuki wamehamia ndani ya dari ya kibanda. Kebo niliimaliza mchana ule ule kwa kuwafukiza nyuki kidogo na kufanya kazi nikiwa nimejifunga blanketi kichwani, na Numbi akanijibu safi. Lakini kulala mle na nyuki waliokasirika, hapana. Nilisafisha majani kuzunguka kibanda na mlingoti, kama kawaida, kisha nikatafuta mahali pengine pa kulala. Chini kidogo ya kilele mlima una bega, tambarare, lisilo na upepo. Nikashangaa kwamba miaka yote ile sikuwahi kulala pale. Nikafagia duara, nikachoma. Hapakuwa na upepo hata kidogo, na moshi ulipanda juu wima, mweupe, mzuri.

Nilikuwa natafuta mawe ya kuwekea sufuria nilipoona moshi mwingine chini, upande wa kijiji cha Banza. Nikasema, mtu anachoma shamba. Ukaonekana wa pili, kushoto. Wa tatu. Nilipozunguka kilele kuangalia nyuma nikakuta na huko umeanza, isipokuwa upande mmoja tu, ule wa ng'ambo, ambako hapakuwa na kitu. Mioto yote ilikuwa inapanda, na mimi nilikuwa ndio mahali inapokwenda.

Nilielewa nusu pale pale, na nusu nyingine nilielezwa baadaye kwa makelele. Siku ya mawindo, moto wa kwanza ni wa mwine, na mwine huuwasha mahali pamoja tu: kwenye lile bega. Vijiji vyote vinalitazama. Moshi ukionekana pale, kila kijiji kinawasha upande wake, moto unapanda, wanyama wanakimbilia mianya iliyoachwa, na kwenye mianya kuna nyavu, mbwa na mikuki. Kila mtoto wa sehemu ile analijua jambo hilo. Ndiyo maana hakuna aliyeniambia. Papa Tshibangu naye alilala siku zote kibandani, hakuwa na sababu ya kulala begani, kwa hiyo hakuwahi kujua kwamba kuna kitu cha kunionya.

Nilipanua majivu yangu kwa haraka ambayo miguu yangu haijairudia tena. Maji yote niliyokuwa nayo niliyamwagia blanketi. Kabla ya kujifunika nilishika redio ya mkononi nikamwita Numbi, nikamwambia mlima mzima unawaka na mimi niko juu yake.

“Papa, relais inasikika muzuri kabisa,” akajibu Numbi. “Kazi bon.”

Sikumlaumu. Alikuwa amengoja sauti hiyo siku nyingi.

Moto unaopanda mlima una sauti kama mvua kubwa juu ya mabati. Nilijikunja katikati ya majivu, blanketi juu yangu, uso kwenye ardhi ambako hewa bado iko. Niliogopa, niandike nini kingine. Niliwataja wanangu mmoja mmoja kwa sauti. Katikati ya kuwataja nikahisi kitu kimesimama karibu nami, nikainua pembe ya blanketi: kabuluku, yule swala mdogo wa porini, amesimama kwenye majivu anatetemeka, na nyuma yake panya wa porini na ndege wasioruka. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Moto ukatuzunguka kulia na kushoto, ukakuta hakuna cha kula pale tulipokuwa, ukakutana na mwenzake juu ya kilele na kuzimika. Mlingoti ulibaki umesimama. Kabuluku aliondoka kwa hatua ndogondogo, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya mchango.

Wawindaji walipofika, kwa njia zao za mkato ambazo mtu mwenye mzigo hawezi kuzipita, walikuta mtu mweusi anatoka chini ya blanketi linalofuka. Mmoja alipiga ishara ya msalaba. Walipotambua kwamba ni mtu wa reli, huruma iliisha upesi. Wanyama wote walikuwa wametoka kupitia upande wa ng'ambo, kwa sababu watu wa kule walikuwa hawajafika mahali pao. Nyama ya mwaka mzima ilikuwa imepita mlango ulioachwa wazi. Na ubaya wa pili ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza: mtu asiye mwine alikuwa amewasha moto wa begani.

Aliyesema kwa niaba yao alikuwa mwenye mbwa, jamaa mnene mwenye sauti. Alisema mambo mengi, lakini yaliyobaki masikioni mwangu ni haya.

“Huyu muntu wa reli ashuke na antenne yake. Asikanyage tena huku. Na relais batoe, bapeleke kwingine.”

Wengi waliitikia. Nilitazama mlingoti nikaona treni zinatazamana chini, na soko kati yake, na hapakuwa na mlima mwingine ambao ungefanya kazi ile. Nilitazama pia yale majani meusi niliyoyapenda kuliko ofisi yoyote. Ningesema sikujua, na kutojua sheria ya nyumba ya mtu si utetezi.

Banza alifika wa mwisho, anahema, mikono ina grisi ya mnyororo. Watu wakampisha. Alitazama duara langu la majivu pale begani, akanitazama mimi, akawatazama wao mmoja mmoja.

“Ule moto iko yangu,” alisema. “Minyi, Banza, njo nilimutuma.”

Mwenye mbwa akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. “Banza, tulikupita ku nyumba. Ulikuwa unatengeneza kinga.”

“Mukono yangu moya ilikuwa ku kinga,” Banza akasema. “Ingine ilikuwa huku. Ni ile unaona, iko nyeusi.”

Kila mtu aliyekuwa pale alijua si kweli. Lakini mwine alikuwa ameshasema, juu ya mlima wake, na neno la mwine mlimani halijibiwi. Mwenye mbwa aliita mbwa wake. Wakashuka.

Tulishuka sisi wawili nyuma yao, na hapo nikaanza kumshukuru Banza, nikimwita mwine, mwine, kama mtu anayeombea kazi. Aligeuka kwa ukali, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa.

“Yaya, usinishukuru. Nikisema moto iko yako, njo kusema mulima iko yako. Unataka mulima?”

Nikasema hapana.

“Basi iko yangu. Na sababu nilikutuma mara moya mbele ya bantu, ntakutuma kila mwaka. Bataangalia. Mwaka utakosa, batasema nilidanganya.”

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila kiangazi Banza alipotuma neno kupitia mkuu wa stesheni ndogo kwamba vijiji vyote viko tayari, pamoja na vya ng'ambo, mimi nilipanga matengenezo ya relais siku hizo hizo. Wakubwa waliokuja na kuondoka walishangaa jinsi betri za Kule Juu zilivyohitaji maji kwa kufuata kalenda. Nilipanda peke yangu siku tatu, nikafagia duara begani, nikawasha moto wa mwine kwa mkono wangu, nikakaa kwenye majivu na kutazama vijiji vinavyojibu. Mwaka wa pili mwenye mbwa alinitumia paja la nyama bila neno. Kisha ikaja miaka ya bunduki, upande wa Malemba-Nkulu na hata karibu zaidi, ambapo Banza alituma neno fupi tu: usiye, yaani usije. Sikwenda, na hakuna aliyewinda, na hakuna aliyesema Banza amedanganya. Amani iliporudi kidogo, neno likaja, nikapanda.

Sasa nifike mwaka huu. Mliponipa kile kitambaa cha shati na karatasi ya kustaafu, mliona ninacheka. Nilikuwa nacheka, lakini nilikuwa na jambo moja moyoni. Relais sasa inaendeshwa kwa sola na setilaiti, na tiketi ya kazini sina tena. Mke wangu aliniambia nitakufa kwa kutembea uani. Nilidhani mlima umeisha kwangu, na jambo hilo liliniuma kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Nikaona heshima inataka nimwambie Banza mwenyewe. Nikanunua tiketi kama abiria, mara ya kwanza maishani, nikakaa kwenye behewa na magunia na kuku, nikaenda.

Banza naye amezeeka. Goti lake moja limekufa, na kinga sasa anatengeneza akiwa amekaa. Nilimpa chumvi. Nilimweleza taratibu kwamba kazi imekwisha, kwamba wamenipa retraite, kwamba atakayekuja sasa atakuwa kijana mwingine, kama atakuja, na kwamba namshukuru kwa miaka yote. Alinisikiliza huku anazungusha gurudumu la kinga ya mtu, akilitazama kama limenyooka.

“Retraite?” akasema. “Reli njo ilikupa. Minyi bado sikukupa.”

Akalisimamisha gurudumu kwa kiganja. Akaniambia watu wa ng'ambo wameshafika.

Nilifungua mfuko wangu pale pale mbele yake, nikatoa vitu ambavyo visingekuwa na jibu njiani, nikavikabidhi kwa mke wake, nikapanda. Nilikwenda polepole, nikalala mara moja zaidi ya zamani, na siku niliyofika begani vijiji vyote vilinijibu.

Basi, vijana wa redio, kiangazi kinachokuja mkiniona stesheni asubuhi na mfuko mdogo mgongoni na blanketi moja, msinizuie na salamu ndefu. Niko kazini.